Usiniletee Luke Littler Kama Sababu ya Kuacha Shule

Jumapili usiku kasin yangu alinitumia klipu. Ako Fomu Tatu, shule ya bweni, na alikuwa nyumbani kwa likizo fupi. Klipu yenyewe ni ya sekunde kama 20 hivi: kijana Mwingereza mwenye ndevu ameinua kombe, watu wamevaa mavazi ya ajabu wanaruka nyuma yake. Juu ya klipu mtu ameandika: "Miaka 18. Pauni milioni 1. Hakuenda chuo."

Halafu kasin akaongeza yake: "Bro, hata wewe uliacha. Mimi nangoja nini?"

Niliweka simu chini. Nikaichukua tena. Nikaandika jibu, nikafuta. Kwa sababu ukweli ni kwamba nafasi ya kumjibu "baki shule" sina. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kila mtu kwetu anajua. Mtu akikuuliza swali kama hilo na wewe ndiye mfano anaotumia, utamwambia nini?

Basi nimeamua kumjibu hapa, mbele ya nyinyi wote, kwa sababu naona klipu hiyo hiyo ikizunguka kwa magrupu yetu na naona vile tunaisoma. Tunaisoma vibaya.

Kwanza tumjue kijana mwenyewe. Anaitwa Luke Littler, wa Warrington, Uingereza. Januari 3, 2026 alishinda ubingwa wa dunia wa vishale wa PDC pale Alexandra Palace, London, kwa mara ya pili mfululizo. Alimlaza Mholanzi Gian van Veen seti 7-1. Mshindi alibeba pauni milioni 1, karibu milioni 170 za Kenya. Mwaka mmoja nyuma, Januari 2025, alikuwa amempiga Michael van Gerwen 7-3 akiwa na miaka 17, akawa bingwa wa dunia mdogo zaidi katika historia ya mchezo huo. Hizo ni facts. Hakuna mtu anabishana na hizo.

Lakini kwani hayo makombe hushindwa vipi? Hapo ndipo klipu inakaa kimya.

Wengi wetu tunajua vishale kama ule ubao uliokwaruzwa ukutani kwa baa ya mtaa, kando ya meza ya pool. Sheria ni rahisi. Kila mtu anaanza na pointi 501 na anashuka. Unarusha vishale vitatu, unatoa ulichopata, mwenzako anarusha. Juu ya ubao kuna 20. Ndani ya hiyo 20 kuna kipande kidogo chembamba, upana wake karibu milimita nane, ambacho ukikipiga 20 inahesabiwa mara tatu: 60. Ukikipiga mara tatu kwa zamu moja ni 180. Hiyo ndiyo watu wanapenda. Mwamuzi anaita kwa sauti kubwa, ukumbi mzima unainua kadi zilizoandikwa 180, kamera inazunguka.

Sasa sikiza sheria ya mwisho, kwa sababu ndiyo yote. Huwezi kumaliza gemu vile unataka. Lazima ufike sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwa dabo, yaani ule mstari mwembamba wa pembeni kabisa ya ubao ambao unahesabu namba mara mbili, au kwa kile kiduara cha katikati kabisa. Ukipita sifuri, au ukibaki na 1, zamu hiyo yote inafutwa. Unaweza kupiga 180 mbili, mwenzako asipige hata moja, na akikutangulia kwa dabo yeye ndiye ameshinda gemu. Wewe umepata nini? Sifuri. Hakuna alama za kujaribu.

Mimi nilijifunza hiyo kwa aibu. Mwaka jana nilienda kushuti vidio kwa baa moja Githurai yenye ubao. Kulikuwa na mzee mmoja na soda yake, nikamwambia, mzee, wacha tucheze moja, nikijua vidio itakuwa tamu. Siku hiyo bahati ilikuwa yangu. Nilishuka haraka hadi wasee wakaanza kunishangilia. Nikabaki na 2. Yaani nahitaji dabo ya 1 tu, kimstari kimoja. Mzee alikuwa bado kwa mia na kitu.

Nilirusha kwa hicho kimstari zamu baada ya zamu. Nje. Nje. Nikagonga 1 ya kawaida, nikabaki na 1, zamu ikafutwa. Nje tena. Mzee alikuwa anashuka polepole, hajasema neno. Akamaliza. Akanywa soda yake. Vidio ilipata watazamaji wengi, lakini wote walikuwa wanacheka mimi.

Unadhani hiyo ni ya sisi wanafunzi tu? Fainali ya dunia ya Januari 2023, Michael Smith dhidi ya van Gerwen. Gemu kamilifu kwa vishale inamalizika kwa vishale tisa, hakuna njia fupi zaidi ya hapo. Van Gerwen, ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, alipiga nane bila kosa. Nane! Akabakisha dabo ya 12. Akarusha cha tisa, kikatoka nje. Smith naye alikuwa amepiga sita bila kosa. Akaja, akapiga cha saba, cha nane, na cha tisa kikaingia kwa dabo ya 12. Ile ile dabo. Watu wengi bado wanasema hakujawahi kuwa na gemu kama hiyo. Na usiku huo Smith akachukua ubingwa 7-4, baada ya kupoteza fainali mbili za dunia, 2019 na 2022.

Vishale nane safi vya van Gerwen vilihesabiwa kama nini kwa ubao wa matokeo? Hakuna kitu. Gemu ni ya Smith.

Na Littler mwenyewe? Hapa ndipo nataka kasin yangu asikize vizuri. Januari 2024, kabla dunia haijamjua, alifika fainali akiwa na miaka 16. Alikuwa anaongoza Luke Humphries seti 4-2. Alikuwa na kishale kimoja cha kumweka 5-2. Alihitaji dabo ya 2. Akakosa. Humphries akachukua seti hiyo, akachukua na zote zilizofuata, tano mfululizo. Ikaisha 7-4. Humphries, ambaye zamani alikuwa fundi wa mapaa na amewahi kuzungumza hadharani kuhusu wasiwasi uliokuwa ukimshika akicheza, ndiye aliyebeba kombe.

Kwa hivyo ukiniuliza makombe makubwa ya vishale hushindwa wapi, nitakuambia: si pale unaposhangiliwa. Hushindwa kwa kimstari cha pembeni ambacho hakuna mtu amekibebea kadi.

Lakini subiri, hiyo bado si hoja yangu. "Maliza ulichoanza" tumeshaambiwa na kila mwalimu wa zamu na kila mgeni wa siku ya kutoa zawadi. Hoja yangu iko kwa namba 32.

Ukiangalia wachezaji wakubwa, utaona wanapenda sana kubakisha 32. Kwa nini 32 na si 30 au 34? Kwa sababu 32 ni dabo ya 16. Ukiilenga na ukose kwa ndani, unagonga 16 ya kawaida, na unabaki na 16, ambayo ni dabo ya 8. Ukikosa tena kwa ndani unabaki na 8, dabo ya 4. Ukikosa tena, 4, dabo ya 2. Kila ukikosa kwa ndani bado uko na mlango. Sasa chukua 34. Ni dabo ya 17. Ukikosa kwa ndani unabaki na 17, namba isiyogawanyika kwa mbili. Hakuna dabo hapo. Lazima kwanza upoteze kishale kingine kutengeneza namba.

Umeona? Hawa ndio watu wanaorusha vizuri kuliko mtu yeyote duniani, na bado wanapanga vile watakosa. Hawapangi kama watakosa. Wanapanga wakikosa watabaki na ngapi.

Rudi sasa kwa ile dabo ya 2 ya Littler mwaka wa 2024. Alikosa, ndiyo. Lakini angalia alibaki na nini. Pauni 200,000 za mshindi wa pili. Mwaliko wa kucheza Premier League, ambayo aliishinda mwezi wa tano mwaka huo huo kwa kumpiga Humphries huyo huyo 11-7, na ndani ya fainali hiyo akapiga gemu ya vishale tisa. Mwaka uliofuata akashinda World Matchplay kule Blackpool, akawa mtu wa tano tu kuwahi kushinda yale makombe matatu makubwa yote: Dunia, Premier League na Matchplay. Kukosa kwake hakukumwacha mikono mitupu.

Na hakuanza Desemba 2023. Babake alimnunulia ubao wa sumaku akiwa na miezi 18. Akiwa bado mtoto alikuwa akifunzwa kwenye akademia ya vishale pale St Helens. Alishinda ubingwa wa dunia wa vijana Novemba 2023, na unajua alimpiga nani kwa fainali? Gian van Veen. Huyo huyo wa 2026. Alipomaliza shule ya sekondari alikuwa ameshika kishale zaidi ya miaka 14. Huyo hakuacha masomo ili aende kutafuta kipaji. Alikuwa darasani miaka hiyo yote, ila kamera hazikuwa zimefika.

Kwa hivyo kasin, mtu akikuambia Littler "hakuenda chuo", muulize alienda wapi.

Na kama unataka mfano wa hapa kwetu, uko. Desemba 2025, David Munyua alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza kwa Mashindano ya Dunia ya PDC. Raundi ya kwanza alipangiwa Mike De Decker wa Ubelgiji, mtu aliyekuwa ameshinda World Grand Prix mwaka wa 2024. Mkenya akawa nyuma seti 2-0. Watu wakaanza kuzima simu. Akarudisha moja, akarudisha ya pili, akashinda 3-2. Alexandra Palace ilisimama. Mimi nilikuwa kwa keja peke yangu na nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Munyua ni daktari wa mifugo. Kusoma kutibu ng'ombe hakukumzuia kurusha vishale. Alitolewa raundi ya pili, na ile raundi pekee ilikuwa na thamani ya pauni 25,000, zaidi ya milioni nne za Kenya. Nzuri sana. Lakini hata kama De Decker angempiga 3-0 usiku ule wa kwanza, angerudi nyumbani akiwa daktari. Alipanda jukwaani akiwa amebakisha 32.

Sasa nije kwangu, kwa sababu najua kasin anangoja hapo.

Mwaka wangu wa pili chuoni, vidio yangu moja ilifika watazamaji laki mbili kwa siku tatu. Hiyo ilikuwa 180 yangu. Wasee wa hosteli walikuwa wananiita selebu. Mwezi huo nilipata kazi ya matangazo ya duka moja dogo, elfu 14, na nikapiga hesabu ya kijinga kabisa: elfu 14 mara miezi 12, mara nne kwa sababu nitakuwa nakua. Karo ilikuwa na deni. Nikajiambia chuo kinanichelewesha. Nikaacha kwenda. Mathe hakuambiwa na mimi. Aliambiwa na mtu wa kanisa ambaye mtoto wake tulikuwa darasa moja, na hiyo siku sitaki kuizungumzia sana.

Vidio zilizofuata zilipata mia tatu, mia tano, elfu mbili siku njema. Miezi minne bila shilingi. Nilipokosa, nilibaki na nini? Cheti hakuna. Akiba hakuna. Ujuzi wa kuedit nilikuwa naanza tu kuujenga. Nilikuwa nimebaki na 17.

Leo naishi. Siwezi kulia njaa. Kazi zinakuja, kodi nalipa, mara nyingi kwa wakati. Na sitasema kuacha chuo kulikuwa kosa kubwa la maisha yangu, kwa sababu sijui kama ningependa kile nilichokuwa nasomea. Kosa langu halikuwa kuacha. Kosa lilikuwa kuacha bila kuangalia nitabaki na namba gani nikikosa. Ilinichukua miaka miwili kutengeneza namba tena, polepole, harusi za watu, vidio za shule za chekechea, kazi ambazo hakuna mtu anainua kadi.

Na kuna kitu kingine ambacho lazima niseme, ama nitakuwa mnafiki. Ningependa sana kasin yangu aje Nairobi. Huyo kijana anaedit kunishinda. Likizo ya Desemba alinifanyia vidio tatu na mbili kati ya hizo ndizo zilifanya vizuri kuliko zote mwaka huo. Akija kesho, mimi ndiye nafaidika. Napata mfanyakazi mzuri, wa bure, ambaye ananiita bro. Kwa hivyo nikimwambia abaki, jua ninajinyima.

Hili ndilo jibu nililomwandikia mwishowe:

"Kasin, umebakisha mwaka mmoja na kitu ufike KCSE. Hiyo ndiyo dabo yako na iko karibu. Piga hiyo kwanza. Baada ya hapo, ukitaka kuja tushuti, njoo, na safari hii nitakulipa. Ukikosa huku, utakuwa na cheti cha kukuwezesha kurudi darasani siku utakayotaka, iwe chuo, iwe kozi ya ufundi, iwe nini. Ukija sasa na ukose, utabaki na 17, na mimi ndiye nakujua vile 17 inauma. Likizo zote mpaka hapo, kazi ziko. Lete laptop."

Najua kuna mtu atasema: lakini si kuna watu walisoma hadi digrii na wako mtaani? Ndiyo, wako, na wengine ni marafiki zangu. Cheti hakikuahidi kazi. Hata 32 haikuahidi ushindi. Mabingwa wa dunia wanaikosa kila usiku. Inachokupa ni kishale kingine chenye maana. Na atakuja mwingine aseme kuna wanaoacha si kwa kupenda, karo imewashinda. Huyo simzungumzii hapa. Kufukuzwa kwa karo si uamuzi, na mtu wa kulaumiwa hapo si mwanafunzi. Nazungumza na sisi tulioona klipu ya sekunde 20 tukadhani tumeona kazi yote.

Na wewe uliyeacha tayari, kama mimi, usisome hii kama matusi. Zamu yako haijaisha. Kaa chini leo, bila kamera, uangalie ubao wako. Umebakisha ngapi? Kama ni namba mbaya, tumia kishale kimoja kuirekebisha kabla hujalenga dabo: kozi moja fupi, akiba ya miezi miwili, ujuzi mmoja ambao mtu atakulipa hata kama hakujui. Haitakuwa vidio nzuri. Hakuna atakayeinua kadi.

Kasin aliona ujumbe usiku ule. Hakujibu. Jumatatu asubuhi shangazi akaniambia amepanda matatu ya kurudi shule, amebeba sanduku lake, hajasema mengi. Jioni, kabla simu ichukuliwe na mwalimu, akanitumia maneno mawili tu: "Utalipa ngapi?"

Tutaelewana Desemba.